Gari Lililoleta Kwaya

Harufu ya rangi ya gari ikinipata hata leo, moyo hunilegea. Baba alikuwa mpaka rangi katika kiwanda cha kuunganisha magari mjini Thika, na kila jioni alirudi nayo nyumbani kwetu Witeithie, imemganda nywelini na kwenye kola, na sabuni ya kipande haikuiweza. Kila lori jipya lililopita barabarani niliwaambia wenzangu kwamba limepakwa na baba yangu, na ole wake aliyebisha. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja uchumi ulipoyumba. Maagizo yakakauka, mashine zikawa zinazimwa saa sita mchana, na baba akaanza kurudi mapema bila harufu yoyote. Hapo ndipo nilipoogopa.

Wafanyakazi waliiomba serikali iwaokoe kwa kununua kwao magari ya polisi na ya hospitali. Isipofanya hivyo, idara ya rangi ingefungwa mwisho wa mwezi. Baba aliamini serikali itakuja. Mama, ambaye kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa nikiwa mchanga na sasa aliuza sweta za mitumba sokoni, hakuamini hata kidogo. "Baba Njeri," alimwuliza wakati wa chakula, "sisi tulipofungiwa, ushuru wa nani ulituokoa?" Baba akajibu bila kuinua macho, "Hizo zilikuwa nguo tu, Mama Njeri. Hizi ni gari." Mama aliinuka na sahani yake, akaenda kulia jikoni chakula kilichobaki.

Siku mheshimiwa kutoka Nairobi alipotumwa na serikali kukagua kiwanda, baba alitaka apokewe kwa shangwe. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chao cha kusaidiana, kwa hiyo akalituma gari la chama lije kuchukua kwaya ya kanisa letu. Mama alikuwa mwanakwaya, na pamoja na kinyongo chake alikubali kwenda kuimba. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nikabanwa kando yake kwenye kiti. Tuliingia langoni tukiimba kwa sauti zote, lakini wimbo haukufika ubeti wa pili. Mheshimiwa aliinua mkono tunyamaze, akalizunguka gari letu polepole. Lilikuwa la mtumba kutoka Japani, na maandishi ya huko yalikuwa bado mlangoni.

"Hii gari ni ya nani?"

"Ni yetu, mheshimiwa," baba akasema. "Ya kupeleka wagonjwa, na kuzika watu wetu."

"Mliiunda hapa?"

"Hapana. Mpya hatuwezi, mheshimiwa."

Mheshimiwa alicheka. "Sasa kama nyinyi wenyewe hamnunui, mnataka serikali inunue aje?"

Aliokuja nao wakacheka pia. Baba alisimama pale na ovaroli yake iliyopigwa pasi, mikono ikining'inia tu. Nilimwonea aibu, mimi niliyekuwa nikijisifu kwa jina lake, na aibu hiyo hunichoma hadi leo. Mama ndiye aliyeteremka garini, akaenda akasimama karibu naye, akaanzisha wimbo upya peke yake.

Msaada haukuja. Idara ya rangi ilifungwa mwezi uleule, na baba akaishia Ruiru, akipuliza rangi mageti ya chuma kando ya barabara, bila kinga ya pua, mpaka kifua kikamkatalia.

Sasa naishi Kahawa Sukari, na nakatwa ushuru kila mwezi. Redioni wakianza kubishana kama viwanda vya magari viokolewe, mimi huizima. Mheshimiwa hakusema uongo, na mama hakukosea, lakini hoja zao hazikumrudishia baba kifua chake. Mwaka jana nilinunua gari, nikaenda nalo Witeithie kumpeleka baba kliniki. Alipapasa mlango kwa kiganja, taratibu, kisha akakohoa.

"Hii rangi si ya kwanza, Njeri. Hii gari iligongwa."

"Najua, Baba," nikasema. "Mpya siwezi."

Nilitamani kuyameza maneno hayo, lakini yalikuwa yameshatoka. Baba aliondoa mkono mlangoni, akaupangusa kwenye koti, akaingia akaketi kiti cha nyuma.