Pa Kupishana

Watu wanaopita barabarani husimama wakapiga picha nyumba yetu. Haki ya Mungu. Wanarudi nyuma mpaka nusura waingie mtaroni, wanainua simu, wanaambiana, "Si hii nyumba ni kali!" Na ni kweli, kwa nje ni kali: nyembamba, ndefu, ukuta wa simenti ambayo haikupakwa rangi kwa makusudi, kioo kirefu mbele, imebanwa katikati ya fleti mbili kama mtu wa tatu kwenye kiti cha wawili. Mimi huwatazama kutoka nyuma ya hicho kioo, mwiko mkononi, nikijisemea kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ploti ilikuwa ya baba mkwe wangu, si mbali na soko hapa Voi. Enzi zake ilikuwa na nyumba ya vyumba viwili, mwarobaini na kuku. Alipofariki wanawe watatu wakaigawana, na ploti ya mjini ukiigawa mara tatu unabaki na vipande vya utepe. Ndugu wawili waliuza vyao ardhi ilipopanda bei kwa sababu ya reli mpya. Walionunua wakapandisha fleti, moja kushoto, moja kulia, ukuta umekalia jiwe la mpaka kabisa. Mume wangu akakataa kuuza. "Hapa ndipo kitovu changu kimezikwa," akasema. Sawa, baba. Lakini kitovu hakihitaji nafasi ya kugeukia.

Akaleta mchoraji wa majumba kutoka Mombasa, bwana mmoja mpole mwenye viatu visivyo na vumbi. Alikaa kwenye sofa yangu akafungua kompyuta na kunionyesha nyumba ikizunguka hewani. Chini sebule na jiko bila ukuta katikati, na bafu lenye choo kule nyuma. Juu chumba chetu. Juu zaidi chumba cha wageni. Juu kabisa paa la kuanikia nguo. Kilichounganisha vyote ni ngazi moja, upana wa mabega ya mtu, inapanda halafu inapinda, na chini yake stoo ya unga na mafagio.

"Mama, korido ni ploti iliyokufa," akaniambia. "Kila inchi lazima ifanye kazi."

"Na watu wawili wakikutana kwenye ngazi?"

Akacheka. "Mmoja atarudi nyuma."

"Penye nia pana njia," mume wangu akadakia. Nikamwambia njia yenyewe naiona ni ya paka. Wakacheka wote wawili, na nyumba ikajengwa hivyo hivyo.

Kusema ukweli, tulipohamia niliipenda. Dirisha dogo la kwenye kona ya ngazi lilitazama mlima wa Sagalla, na jua la asubuhi lilipoingia pale lilishuka kidato kwa kidato mpaka jikoni. Nilikuwa nasimama na chai yangu nikilitazama. Nyumba njema si mlango, nikawa nawaambia shoga zangu, ingieni ndani muone.

Halafu ndovu wakaingia shambani kwa mama yangu.

Mama alikuwa akiishi peke yake Makwasinyi, upande wa Kasigau, mjane, na mwaka ule ndovu walimaliza mahindi, wakamaliza mbaazi, mwisho wakaegemea ukuta wa jiko lake ukalala chini. Nilienda kumchukua mwenyewe. Nilimwambia, wewe huwezi kuzeeka ukipigana na ndovu wakati mimi nina chumba kitupu. Alikubali shingo upande. Alipoingia kwetu hakutazama kioo wala simenti. Alienda moja kwa moja hadi mguu wa ngazi, akatanua viwiko, kimoja kikagusa ukuta huu na kingine ukuta ule.

"Mnapishana wapi?" akaniuliza.

Nikacheka kama yule mchoraji. Mama hakucheka.

Inabidi nieleze. Kwa mama yangu, mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani. Hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni, na hawakutani kwenye njia nyembamba. Wakiona wanaelekeana, mmoja anatoka njiani, anasimama kwenye majani huku amegeuka, mpaka mwenzake apite. Si chuki jameni, ni heshima, na heshima yenyewe ina utamu wake. Najua vijana wa siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Mama akionyeshwa picha hizo huigeuza simu kifudifudi na kuuliza kama chai iko tayari.

Kule Makwasinyi majani ya kusimama yako tele. Kwetu majani yalikuwa stoo.

Haikupangwa na mtu, ilijipanga yenyewe. Bafu liko chini, mama yuko juu. Akitaka kushuka, anasimama kwenye mlango wa chumba chake anakohoa, kikohozi kimoja kikavu, hodi ya kifuani. Mume wangu akikisikia anaacha alichoshika, sahani, rimoti, hata suruali anayoipiga pasi, anaingia stoo anajifungia. Mama anashuka, anapita sebuleni, anaingia bafuni, anarudi, anapanda. Mimi nikisikia mlango wake umefungwa, nasema kwa sauti, "Ameshapita." Baba wa nyumba anatoka na unga kwenye nywele.

Mwanzoni nilicheka mpaka machozi. Naye alicheka. "Nimejenga nyumba ya kisasa ili niishi na mafagio," alikuwa akisema. Lakini kicheko hicho kilikuwa na mwisho wake. Alianza kuchelewa kurudi kutoka kazini, anakaa kwenye kibanda cha chai pale nje mpaka giza liingie, eti anatazama mpira. Mama naye akaanza kukataa chai.

"Sina kiu."

"Mama, ni joto la Voi hili, unakosaje kiu?"

"Nimesema sina kiu, mwanangu."

Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa hanywi ili asishuke. Siku niliyoelewa nilikaa kwenye kitanda changu, yeye juu ya kichwa changu, mume wangu chini ya miguu yangu, kila mmoja akisikiliza nyayo za mwenzake. Nilikuwa nimefungwa. Ukuta kulia ni wa watu, ukuta kushoto ni wa watu, na njia ya katikati inajaa mtu mmoja. Nilitamani kupiga kelele, lakini hata kelele kwenye nyumba ile ingemfikia kila mtu.

Basi yule wa fleti ya kushoto akaamua kuongeza gorofa, na ukuta wake ukapanda mbele ya lile dirisha langu dogo. Nilienda kumwona. Akanionyesha mpaka wake kwa kidole, kwa adabu tu, na alikuwa na haki. Mafundi walipanga mawe siku chache, Sagalla ikazibwa kutoka chini kwenda juu, na kona ya ngazi ikawa giza mchana kweupe. Kuanzia hapo tulipanda na kushuka kwa taa.

Jumapili moja tulikuwa tumetoka ibada ya kwanza, na stima ikapotea. Nilikuwa juu kwenye paa naanika nguo. Nikamsikia mama anakohoa. Nikasikia mlango wa stoo, kwaa, umefungwa. Nikasikia kandambili zake zinashuka. Halafu nikasikia kishindo kizito, na mama akaita, "Yesu!"

Nilishuka mbio. Nilimkuta kwenye kona, gizani, mgongo umekwama ukuta huu na mguu mzima umesukuma ukuta ule, ule mwingine umekunjika chini yake vibaya. Alikuwa amejaa ngazi yote. Sikuweza kumruka, wala kupenya pembeni. Nikaingiza mikono chini ya makwapa yake nimvute juu, akapiga ukelele ambao sitausahau. Na hata ningemvuta, juu kuna nini? Nguo za kuanika. Hospitali iko chini.

"Nini kimeanguka?" Sauti ya mume wangu ilitoka ndani ya ngazi yenyewe, chini yetu.

"Ni mama! Amevunjika!"

"Nije?" akauliza, na nilijua haniulizi mimi.

"Asije," mama akasema. "Mwambie aite mwanamke. Mwanamke yeyote."

Nilimsikia anatoka stoo, anafungua geti, anaita barabarani. Jumapili, watu bado wako makanisani, vibanda vimefungwa. Alirudi peke yake. Wakati huo nilikuwa nimewasha taa ya simu, nikaona damu. Ilikuwa ikishuka kidato kwa kidato, pale pale jua lilipokuwa likishuka zamani. Mama naye alikuwa anaanza kuongea polepole, maneno yanamponyoka.

"Mama, atakubeba yeye. Hakuna mwingine."

"Akinishika, silali tena katika nyumba hii. Nimesema."

"Mama!"

"Nimesema. Nitamtazamaje?"

Mimi sina subira, sijawahi kuwa nayo. Nilimfokea mama yangu mzazi akiwa anavuja damu. "Basi usilale! Lakini uwe hai huko utakakolala!"

Alivuta leso kutoka begani akajifunika uso.

Na hapo nikamwona mume wangu anakuja, anakuja kinyumenyume. Mgongo mbele, uso ameuelekeza sebuleni, mikono imeshika kuta mbili, kisigino kinatafuta kidato, kinakipata, kinapanda kingine. Mtu mzito kama yule, gizani. Alipofika kidato kimoja chini ya mama akachuchumaa, bado ametugeuzia kisogo.

"Mama," akasema. Lilikuwa neno la kwanza nililowahi kumsikia akimwambia moja kwa moja. "Mimi sioni kitu. Ni mgongo tu huu. Wewe egemea."

Mama alilia. Si kwa mguu, namjua. Nikamsogeza kidogo kidogo mpaka kifua chake kikalala juu ya mgongo ule, nikachukua mikono yake nikaipitisha shingoni mwa mume wangu, na akashika. Walishuka hivyo, mabega yanakwaruza simenti pande zote mbili, mmoja amefumba macho na mwingine amefunikwa leso. Mimi nikafuata nyuma nikikanyaga damu ya mama yangu.

Hospitali walimfunga mguu, wakamwongezea damu, wakasema tumewahi. Alipotoka, kaka yangu alikuja na Probox kumchukua. Nilikuwa nimetandika shuka mpya kwenye sofa, nimemwambia mama atalala chini, tutaweka pazia, tutapanga upya kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisema nini?"

"Ulisema hutalala."

"Basi." Akanishika mkono. "Mume wako ni mtu. Mwambie. Lakini nilisema."

Nguo zake nilizifunga mwenyewe nikampelekea kwenye gari.

Baadaye mume wangu alinunua mbuzi, kama inavyotakiwa mtu akivuka kile alichovuka, tukaenda Makwasinyi kwa ile barabara inayong'oa meno. Kaka alikuwa amesimamisha upya ukuta wa jiko. Mama alikuwa nje, fimbo mkononi, mguu mmoja umebaki mfupi kidogo. Akamwona mkwewe anaingia na mbuzi, akasogea kando, akageukia mlima. Mume wangu naye akasogea kando, akageukia barabara. Kati yao kulikuwa na uwanja mpana, kuku, kamba ya nguo, upepo. Na sikuamini masikio yangu: wakaanza kuongea. Kila mmoja anatazama kwake, wanapiga kelele wasikilizane, habari za mvua, habari za kazi, habari za mguu. Waliongea kuliko walivyoongea miezi yote ile chini ya paa moja.

Jioni nilijaribu mara ya mwisho. Nilimwambia mama, hapa ndovu watakuua, nitakuja kukuzika mimi kwa mikono yangu.

"Ndovu ana njia yake," akasema. "Akija, mimi nakaa kando, yeye anapita. Hapa hata ndovu tunapishana naye, mwanangu."

Tulirudi Voi wawili. Nilisema nitafurahi angalau nyumba imepata hewa, na nikaja kuona kwamba nilijidanganya. Chumba cha juu nakifagia na hakina uchafu. Nampigia simu kila jioni, na mtandao wa Kasigau ukigoma nakesha nikiwaza ndovu. Wapita njia bado wanapiga picha.

Juzi nilikuwa juu napanga shuka za wageni ambao hawaji. Vumbi la simenti la fleti ya jirani likanikaba koo, na wakati nashuka, pale kwenye kona, nikakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu.

Chini nikasikia kikombe kinawekwa mezani haraka. Nikasikia nyayo. Nikasikia mlango wa stoo, kwaa, umefungwa.

Nilitaka kumwambia ni mimi. Badala yake nikakaa kwenye kile kidato, gizani, mgongo ukuta huu na miguu ukuta ule, machozi yananitoka, na yeye yuko pale chini yangu amesimama na mafagio, ananyamaza kwa heshima.

Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini, "Ameshapita?"

"Ameshapita," nikamwambia. "Toka."