Waya Uliobaki Chini ya Mswala

Mashine yangu ya kupima magari ilisoma hitilafu saba kwa mpigo: sensa ya hewa, ya joto, ya mafuta, na nyingine zisizohusiana hata kidogo. Fundi yeyote wa umeme anajua maana yake. Sensa saba haziharibiki siku moja. Zinalia pamoja kwa sababu waya mmoja ambao zote zinautegemea, waya wa ardhi, umeoza mahali. Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Gari lilikuwa la mama mmoja wa hapa Garissa, aliyeleta maziwa ya ngamia kutoka Kotile kila asubuhi. Wanawake wa huko walimkabidhi madumu yao, kila dumu na kitambaa cha rangi yake ili mwenyewe ajulikane. Walimwamini kwa jambo moja tu: maziwa yatafika sokoni kabla jua halijayaharibu.

Nilikagua nyaya za ardhi kwenye betri, kwenye injini, kwenye bodi. Ukabaki mmoja, unaopita sakafuni nyuma ya kiti cha dereva. Hapo alikuwa ametandika mswala wake, mkeka anaoswalia akiwa njiani. Mimi ni Mkristo niliyetoka bara, na mikono yangu ilikuwa imejaa grisi. Nikajiambia, hapo sigusi. Nikajiona nina adabu kweli, mjinga mimi.

Basi nikabadilisha sensa, nikafuta zile hitilafu, taa ya onyo kwenye dashibodi ikazimika. "Alhamdulillahi," akasema, akaondoka. Kesho yake gari likamzimikia porini hadi alasiri, maziwa yote yakaharibika. Nikabadilisha sensa nyingine, nikafuta tena. Likamzimikia tena. Mara ya tatu alirudi na gari tupu. Wanawake wa Kotile walikuwa wamepakia madumu kwenye gari la mtu mwingine, vitambaa na vyote.

Hapo ndipo nilipoishiwa na ujanja. "Mama, samahani, naomba utoe mswala."

Akaukunja mara moja, akauweka kwapani. Zulia la chini lilikuwa limelowa maziwa yaliyovuja kwa miezi, harufu ya uchachu ikanipanda puani. Waya ulikuwa umeliwa ukabaki unga wa kijani. Nikaunga mwingine. Kazi ya dakika kumi.

"Walaal, ndugu yangu, si ungesema tu?" akaniambia bila hasira. "Hiyo mkeka mimi natoa kila siku, nakung'uta, narudisha."

Heri angenitukana.

Kotile hakuna tena anayempa dumu. Ameniachia gari nimtafutie mnunuzi, nalo linakaa nje ya karakana yangu. Kila asubuhi naliwasha ili betri isife, nachomeka mashine, na kila asubuhi inaniandikia kwamba gari halina hitilafu yoyote.