Sikio na Kigari cha Mama wa Miche

Gereji nzima walimwita Sikio, maana injini ilikuwa haijamaliza kukohoa naye ameshataja ugonjwa wake. Yeye alisikiliza, mdogo wake wa kike akashika spana. Ndivyo walivyoishi tangu wafiwe na wazazi. Kisha kiharusi kikampiga kaka. Mkono mmoja ukalala, maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Dada akamwekea kiti mlangoni mwa gereji, akiamini kazi itamrudisha.

Siku moja mama muuza miche akaja na kigari chake kidogo cha magurudumu manne, anachopandishia miche mlimani.

"Injini inanguruma mpaka majirani wanachungulia," alisema, "lakini kwenye mwinuko hakisogei. Halafu kinanuka kuungua."

Dada akakiwasha, akakanyaga mafuta. Sikio akafumba macho kama zamani.

"Mkanda," akasema. "Umechoka. Badilisha huo tu."

Kweli, mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ulikuwa umechakaa, uking'aa pembeni kama kiatu cha bwana harusi. Dada akafurahi. Akafunga mpya, akakijaribu kwenye mwinuko nyuma ya gereji. Kikafika katikati, kikabaki kinapiga kelele palepale.

"Bado kinateleza, kaka."

"Basi mkanda," akajibu, kana kwamba anaulizwa kwa mara ya kwanza.

Dada hakubishana. Alingoja kaka asinzie, akafungua vilivyobaki. Mpira wa kuzuia oili ulikuwa umepasuka, puli, gurudumu linalozungusha mkanda, imelowa, na mkanda mpya nao umeshalowa. Ndani ya klachi, springi zimelegea na pedi zimeungua. Klachi ile ilikuwa ikilia waziwazi. Sikio wa zamani angeisikia kigari kikiwa bado barabarani. Dada akajilaza chini ya kigari, akalia huko, mahali ambapo hakuna anayemshangaa fundi mwenye uso mchafu.

Alipomaliza kulia akabadilisha mpira, pedi na springi, akasafisha puli kwa petroli, akafunga mkanda mwingine. Kigari kikapanda mwinuko bila kusita. Mama wa miche akashukuru, akaondoka.

Kaka alipoamka, akauliza kigari kilikuwa na ugonjwa gani.

"Ulikuwa mkanda," dada akamwambia.

"Lete mkono."

Akaunusa. Harufu ya klachi iliyoungua haitoki kwa sabuni.

"Mkanda haunuki hivi," akasema taratibu. Akatazama barabara. "Umenionea huruma, mdogo wangu."

Dada akauvuta mkono wake, akaanza kukusanya spana.

Asubuhi iliyofuata alipokuja kumvalisha viatu, kaka akairudisha miguu yake chini ya blanketi. "Nenda wewe. Mimi huko nasikia kelele tu."

Dada akaenda peke yake. Mteja wa kwanza akauliza Sikio yuko wapi. "Amepumzika," akajibu, akainama haraka kwenye injini ambayo ilikuwa bado haijawashwa.