Mbegu za Sudi na Sanduku la Mama

Mwanangu, sogea nikusimulie Jumapili moja ambayo nikiikumbuka moyo bado hunienda mbio, na wewe unanijua, mimi si mtu wa kutishika ovyo.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Tulipanga nyumba Hyattsville, huku Amerika jirani na Washington, mimi na mume wangu na mdogo wangu Sudi. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo yuko huku, kesho majimbo ya mbali. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba kama maandazi, na bado naingia zamu ya kuhudumia wazee.

Mama alikuwa anakuja kutoka Lushoto kunilea uzazi. Wewe umezaliwa huku, labda hujui uzito wa neno hilo. Kwetu mzazi hakai arobaini peke yake. Lazima awepo mtu wa kumkanda kwa maji ya moto, wa kumpikia uji wa pilipili manga, wa kumfukuzia wageni wanaokaa mno. Mama alinyimwa viza mara ya kwanza, akarudi tena ubalozini, ndipo akapewa. Nilimngoja kama mtoto anavyongoja Idi.

Sasa huyo Sudi. Alikuwa mwanafunzi, kijana mpole, havuti hata sigara. Ugonjwa wake ulikuwa kukusanya mbegu. Alianza na za maboga na pilipili, akaishia kwenye mbegu za bangi, kazipanga ndani ya albamu kama watu wanavyopanga stempu. Ukimuuliza, anakwambia mbegu si bangi, mbegu ni ukumbusho tu, kasoma kwenye mtandao wa wanaoziuza. Nilimkatalia zisilale nyumbani kwangu, akazihamishia kwa rafiki yake anayekaa mji wa Wheaton. Nikadhani yameisha.

Jumapili hiyo tulikuwa tunakula pilau na Mzee Mutua, Mkenya aliyepanga ghorofa ya chini, mtu mzima wa maneno machache. Mama alikuwa ameshafika Dar es Salaam, ndege yake ni kesho. Sudi kwa furaha ya shibe akaropoka.

"Mama akifika, collection yangu imekamilika. Kuna jamaa amempelekea kapakiti, mbegu za kule milimani. Huku huzipati."

Nikaweka kijiko chini. "Mama anajua ni nini?"

"Nimemwambia ni giligilani. Dada, usi-panic, ni legal kabisa. Mbegu haina kilevi ndani. Nime-research."

Mwanangu, nilikasirika mpaka mtoto tumboni akageuka. Nilimwona mama yangu mbele ya askari wa uwanja wa ndege, na Kiingereza chake cha salamu tu, akiulizwa habari ya kitu asichokijua. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa Sudi ulikuwa mwepesi kwa sababu hakuubeba yeye.

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Mutua akanawa mkono, polepole, akamgeukia.

"Kijana, mimi sheria ya hii nchi siijui yote. Lakini kama hiyo kitu ni halali vile unasema, mbona mama yako ameambiwa ni dania, hiyo giligilani yenu?"

Sudi akanyanyuka kukusanya sahani, Mzee akamrudisha kitini.

"Mpigie saa hii. Mwambie vile umetuambia sisi."

Sudi akaniomba nipige mimi, nimtungie maneno, niseme pakiti ina wadudu aiache. Mzee akakataa. "Wewe ndio ulimdanganya. Dadako hataingia hapo." Nami nikamkwangulia kadi ya simu, nikamwekea simu mezani, sauti wazi.

Mama akapokea. Akatuuliza hali zetu wote, mpaka ya Mzee Mutua. Ndipo Sudi akasema.

"Mama, ile pakiti. Si giligilani. Ni mbegu za bangi. Naomba uitoe kwenye sanduku."

Nikasogeza sikio kwenye simu. Nilidhani kadi imekwisha.

"Najua," Mama akasema. "Nimezaliwa Usambara nimezeekea Usambara, utanidanganya mimi kwa mbegu ya bangi? Nilizitupa motoni siku ileile zilipoletwa."

"Sasa mbona hukuniambia, Mama?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Nilisema moyoni, nikipanda ndege hajanipigia, nitafika Amerika nina mtoto mmoja tu."

Sudi aliinamisha kichwa mezani akalia, kijana mzima na ndevu zake. Mama akamwacha alie, halafu akamwambia aje kumpokea na koti zito, asije akafa kwa baridi kabla hajamwona mjukuu.

Baadaye nilimuuliza wakili wa uhamiaji. Akaniambia mbegu inayoweza kuota, sheria ya nchi hii iliihesabu bangi yenyewe, na kwa mgeni kesi ya namna hiyo ingemfungia mlango wa nchi. Nilimshukuru Mungu nikiwa bado nimekaa ofisini kwa huyo wakili.

Siku hizi mambo yamelegea, najua. Ukitembea Washington mchana kweupe unainusa, na askari anapita. Lakini kuuliza si ujinga, mwanangu. Kinachoruhusiwa na jimbo huenda hakiruhusiwi na nchi nzima, na watu wa uhamiaji hufuata ya nchi nzima. Usichukue sheria kutoka kwa muuza bidhaa. Uliza kabla, maana majuto ni mjukuu. Na jambo lolote unaloliona halali, lijaribu hivi: litaje kwa jina lake mbele ya yule utakayembebesha. Ulimi ukikwama, liache.

Mungu akukinge na mzigo usioujua, akupe riziki isiyohitaji kufichwa. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, akupe moyo wa kupiga simu kabla ndege haijaruka.