Watoto wa Kuazima

Rosebella Nerima hakuwa mtu wa kuamini karatasi kwa sababu tu ina muhuri. Sisi walimu tulimwita Madam Nani-Alihesabu, na hatukumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mzaliwa wa Namboboto, mshauri wa walimu upande wa Butula, na ukimwambia watoto wako wamefaulu asilimia themanini, alikuuliza swali hilo moja: nani alihesabu? Halafu: siku gani? Paa la darasa linavuja, chaki zimekwisha, kichwa kinakuuma, naye amesimama mlangoni anauliza siku gani.

Oktoba ya 1999 kamati ya walimu wakuu ilimpa kazi iliyomfaa. Shirika moja la ng'ambo lilikuwa limetuletea pendekezo la masomo ya zamu. Watoto wa darasa la kwanza na la pili wangegawanywa makundi mawili, kundi moja lirudi nyumbani saa nne na nusu badala ya saa sita na nusu, ndipo la pili liingie, na mwalimu mmoja afundishe yote mawili. Watoto hawatapoteza kitu, shirika lilisema, na utoro utapungua. Utafiti wa kimataifa umeonyesha hivyo. Shule arobaini zilikuwa zinangoja uamuzi wetu. Tungepiga kura Ijumaa, na kabla ya hapo Nerima autafute huo utafiti, ausome, atuambie kama unaaminika.

"Ukurasa moja tu, Madam," alisema mwenyekiti wetu, Mzee Osukuku. "Tunataka tu kitu ya kuweka kwa file."

Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo. Mengine ninayosimulia niliyaandika kwa mkono wangu, mengine alinieleza Nerima mwenyewe baadaye.

Wakati huo palikuwa na ofisi moja Burumba yenye kompyuta inayoweza kuingia kwenye intaneti, ya Oyugi, bwana mmoja mnene aliyechapia watu barua na kuwapigia simu. Kuingia kulimaanisha kupiga simu hadi Nairobi. Laini ikikatika, unaanza upya. Nerima alikaa hapo Jumanne nzima. Alianza na tovuti ya shirika lenyewe, ambako picha ya mtoto anayecheka ilichukua muda mrefu kufunguka kuliko maelezo yote, na chini yake palikuwa pameandikwa kwamba ripoti nne za mashirika ya kimataifa zimethibitisha faida ya zamu.

Akamwomba Oyugi azifungue zote nne, kila moja kwenye tovuti ya shirika lake. Hakusoma mwanzo, ambako watu hujisifu. Aliruka hadi mwisho, kwenye orodha ya marejeo na majedwali. Ripoti tatu zilikuwa na maneno mazito na rangi za kupendeza, lakini hakuna hata moja iliyokuwa imehesabu mtoto yeyote. Zote tatu, ukifuata marejeo yake, zilikupeleka kwenye ripoti ya nne.

"Madam, hii yote imetoka kwa website za wazungu," Oyugi alimwambia. "Si uko na ushahidi mara nne?"

"Niko nayo mara moja. Mmoja amesema, watatu wamerudia."

"Na huyo mmoja hatoshi?"

"Fungua nione nani alihesabu."

Laini ilikatika mara mbili kabla ya kiambatisho kufunguka. Jedwali la tatu lilionyesha shule tano zilizojaribu zamu mwaka 1994. Moja haikutajwa jina, ila ilielezwa kuwa ni shule ya mpakani, magharibi mwa Kenya. Darasa la pili, waliosajiliwa sitini na mmoja, waliohudhuria siku ya wageni sitini na mmoja. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Juni, siku ya soko.

Nerima alisoma mstari huo mara tatu. Mwaka 1994 alikuwa akifundisha darasa la pili katika shule moja karibu na Malaba, na mwalimu mkuu wake alikuwa Osukuku.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mwenyeji hahitaji kuelezwa. Kwetu mgeni akija, unaazima kwa jirani viti, sahani, hata kitambaa cha meza, na hakuna anayeuita huo uongo. Ni heshima. Siku ya soko nusu ya darasa la Nerima ilikuwa ikivusha mizigo ya mama zao mpakani. Kwa hiyo wageni wa utafiti walipotuma habari kwamba wako njiani, alikwenda shule ya jirani akaazima watoto. Akawaketisha kwenye madawati ya mbele na kuwapa majina ya wale waliokuwa sokoni. Wageni walihesabu vizuri kabisa, wakashukuru, wakaondoka. Hawakuuliza hao ni watoto wa nani. Nadhani ndiyo sababu Nerima aliuliza swali lake miaka yote iliyofuata, ingawa nilipomwambia hivyo alikasirika.

Jumatano alikwenda nyumbani kwa Osukuku na ile karatasi. Mzee aliisoma, akaikunja, akamrudishia.

"Mwalimu, hii maneno ilikufa kitambo," alisema. "Nani amekuita kufukua? Ukisema ulijaza register ya uongo, kazi ya ushauri imeenda. Na mimi ndiye nilikupendekeza. Andika utafiti uko sawa, basi."

"Mzee, lakini watoto wa shule arobaini watarudi nyumbani saa nne na nusu kwa sababu ya hiyo register."

"Wewe andika."

Aliniambia kwamba aliogopa kweli. Mumewe hakuwa na kazi, na mshahara wa mshauri ndio uliokuwa ukisomesha wanawe wawili. Usiku aliandika ukurasa mmoja unaosema utafiti uko sawa. Asubuhi akaandika mwingine.

Ijumaa alikuja na kurasa zote mbili mkobani, na mpaka anasimama alikuwa hajajua atasoma upi. Akasoma wa pili. Ripoti nne ni ripoti moja, alisema. Ripoti hiyo imesimama juu ya shule tano, na namba nzuri kuliko zote imetoka katika shule moja. "Hapo darasani hapakuwa na watoto sitini na mmoja wa shule hiyo. Ishirini na watatu walikuwa wa kuazima. Aliyewaazima ni mimi, na register niliandika mimi."

 Kalamu yangu ilisimama. Mwalimu mkuu mmoja aliyeipenda sana zamu, maana ingempunguzia kuomba walimu, akaruka juu. "Uongo! Mwenyekiti, shule ilikuwa yako. Huyu mama anasema ukweli?"

Osukuku alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Angeweza kusema hakumbuki, na hakuna ambaye angemlaumu. Akanigeukia.

"Katibu," akaniambia, "usiandike ishirini na tatu. Andika ishirini na sita. Watatu niliwaleta mimi na baiskeli."

Kura ilipoitishwa, hakuna aliyeinua mkono kuunga zamu, hata yule aliyeruka juu. Mimi nilitazama daftari langu. Nilikuwa nimewahi kuazima watoto mara mbili katika shule yangu mwenyewe, nami sikufungua mdomo siku ile. Ninaona haya hadi leo.

Nerima aliliandikia lile shirika la ripoti ya nne. Likamjibu kwa adabu kwamba limepokea maoni yake, na jedwali likabaki kama lilivyo. Desemba alipata barua ya kumvua ushauri. Januari alirudishwa kufundisha, darasa la kwanza, watoto sabini na wawili, na alikaa nao hadi saa sita na nusu.