Mguu Uliopakwa Mawese

Urbain Lukumani, mwana wa Lukumani aliyemtoa askari wa kambi ya Kapalata kwenye maji ya kasi na buti zake zote, mjukuu wa yule aliyepitisha mitumbwi ya Waungwana, wale wafanyabiashara wa pembe, kwenye maporomoko ya Kisangani bila kupoteza hata pembe moja ya ndovu. Hao walikuwa watu. Yeye, tendo lake kubwa lilikuwa kulewa lotoko na kulala kwenye reli ya Ubundu, treni ikamkata mguu juu ya goti. Wageni aliwaambia ni mamba. Mamba gani mwenye filimbi?

Hospitali ilimpa mguu wa mbao wa kufunga, wenye mkanda mpana kiunoni na mwingine begani. Ulipanda na kushuka kwenye kigutu kama mchi kinuni, na kila hatua ilimlazimu ainue nyonga auzungushe kwa nje, kama mtu anayekwepa kinyesi cha mbuzi. Ulikuwa mbaya, lakini haukumtoka hata siku moja. Mkewe, Delphine, ndiye aliyeukaza kila asubuhi, goti lake likimsukuma mgongoni.

Mwaka hamsini na saba ukaja mguu mwingine kutoka Ubelgiji, usio na mkanda. Kigutu kilivutwa ndani kwa kitambaa kilichopitishwa kwenye tundu la ubavuni mwa mguu, kitambaa kikatolewa, tundu likazibwa kwa kizibo. Hewa ikishatoka, mguu uling'ang'ania nyama kama mtoto kwenye titi. Paja likienda, nao ulienda, na goti likajikunja lenyewe. Ilimbidi tu akumbuke kusukuma kigutu nyuma kisigino kikigusa chini, lisije likamwangusha. Suruali ikalala vizuri. Urbain akawa anapita mbele ya kanisa hata siku zisizo na misa.

Kasoro ilikuwa moja: hewa ilipenya pembeni, na kila alipoketi mguu ulijamba. Kanisani wasichana waliziba vinywa kwa leso.

Maji yakaanza kupungua. Kwa Wagenya, watu wa maporomoko, msimu wa uvuvi hufunguliwa hivi: mwenye nafasi ya kutega hubeba mwenyewe kikapu cha kwanza cha mtego juu ya miti iliyolazwa kuvuka maji ya kasi na kufungwa kwa kamba za msituni, mpaka mahali pa ukoo wake, akakifunge. Asipofika, nafasi inakwenda kwa mdogo wake. Mdogo wa Urbain aliitwa Émile, mtu wa chanuo mfukoni, ambaye hakuwahi kusuka hata kikapu cha kufunika kuku. Alishaanza kupanga mambo ya nafasi hiyo. Naye Delphine aliona mbele yake aibu moja tu: mke wa Mgenya kununua samaki sokoni.

Asubuhi ya kutega alimkuta mumewe akichovya vidole kwenye chungu cha mawese.

"Papa Bibiche," akamwita kwa jina la mtoto wao, "unafanya nini?"

"Napakala mafuta. Iache kulia mbele ya batu."

"Infirmier wa hospitali alisema kigutu ikauke! Vala ule wa mukanda."

"Mukanda? Mi niko punda? Weye unajua nini, mwanamuke?"

Akaondoka, kikapu mgongoni, anang'aa kama ndizi ya kukaanga.

Miti ya kwanza aliivuka vizuri. Akageuka hata kupunga mkono, mpumbavu. Katikati, jasho likakutana na mawese. Kikasikika *psss* kirefu, mguu ukateleza, ukatoka na kiatu chake, ukatumbukia mtoni. Urbain akabaki ananing'inia kwenye kamba, mguu mmoja kwenye mti, suruali tupu ikipepea.

Ukingoni watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Bon, kaka," Émile akaita, "rudi. Nafasi iko yangu sasa."

Urbain akaanza kweli kurudi. Hapo Delphine akapaza sauti juu ya maporomoko:

"Urbain! Ulienda kuonyesha suruali ao kutega? Matako unayo! Kalia, jikokote! Hakuna mwenye alisema mutu afike amesimama!"

Wazee wakatazamana. Kweli, hakuna aliyewahi kusema hivyo.

Akaketi. Mwana wa Lukumani akajiburuta juu ya mti wenye utelezi kama mtoto asiyejua kutembea, akitukana, hadi mahali pa ukoo wake, akafunga kikapu. Vifundo vyake, lazima ikubaliwe, vilikuwa vya baba yake.

Mguu ulinaswa chini kidogo, kwenye mtego wa jirani, ukiwa na kambare mmoja ndani. Émile ndiye aliyetumwa kuuleta. Aliukuta mlango wa kaka yake umejaa watu, na Urbain ameketi, ule wa mkanda umelala mapajani.

"Weka hiyo kule, kuku watalalia," Urbain akasema. "Alors, Émile. Kila mwaka, siku ya kutega, utakuja weye kunifunga hii ya mukanda. Mukono yako mwenyewe. Kama nikianguka, batu watajua nani alifunga."

Émile akamtazama Delphine, akitafuta msaada.

"Piga magoti, shemeji," Delphine akamwambia. "Mukanda inaanzia kiunoni. Na uache chanuo chini, itakuchoma."