Diski Zangu na Mama Mukwe

Mucheke tu, mi mwenyewe nimeisha kujicheka. Nilitafuta mapiesi ya zamani mu Kolwezi muzima, mpaka nikanunua diski za freni za mbele za gari moja yenye ilikufa kule Mutoshi. Ku gari yangu nikatosha tamburi za nyuma, zile ngoma za chuma za freni, nikafunga diski. Gari ikawa inasimama paf! Bajirani bote balisikia ile habari, batake basitake.

Siku ya Mungu, dimanshi, nikabeba mama mukwe na bibi yangu, mama aone binti yake aliolewa na fundi. Kwetu Baluba, mama mukwe hasemezani na mukwe. Maneno inapitia kwa bibi, binti yake. Tulipofika nyumbani, pale penye mutelemuko, nikavuta freni ya mukono, nikashuka kujivuna kwa bajirani. Bibi akaenda kufungua mulango ya nyumba, mama mukwe akabakia mu gari.

Nyuma yangu mama mukwe akaita kwa upole: "Mwanangu, ambia bwana yako gari inaenda."

"Tata, mama anasema gari inaenda," bibi akaniambia.

"Ambia mama asiogope. Ni diski!"

Sauti ikatokea mbali zaidi: "Ambia bwana yako inaenda kabisa!"

Nikageuka. Gari ilikuwa inashuka kinyumenyume. Ndipo nikakumbuka: freni ya mukono ilikuwa inashika zile tamburi, na tamburi sasa ilikuwa mu jiko, inabeba sufuria ya bukari, ile ugali yetu.

Gari ikagonga kichuguu, ikasimama. Mama mukwe akatosha kichwa ku dirisha, na mara ya kwanza akanisemesha mi mwenyewe, mbele ya bajirani bote:

"Mukwe, na hii kichuguu, nayo uliinunua Mutoshi?"